Siku Nyamai Alipompita Mama Mkwe

Nyamai ana duka la chakula cha kuku na dawa za mifugo hapa sokoni Ikutha. Asubuhi alikuwa anafungua duka, anaweka kiti mlangoni, anaketi. Mteja akija, anasimama. Mteja akienda, anaketi tena. Saa saba mke wake, Muthoki, anamletea muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na maharagwe. Anakula akiwa ameketi. Jioni anafunga duka, anaenda nyumbani, anaketi.

Nayajua haya yote kwa sababu duka lake linatazamana na darasa langu. Mimi ni Mwalimu Kaluki. Nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kila nikigeuka kutoka ubaoni, nilikuwa namwona Nyamai kwenye kiti. Wanafunzi wangu walisema hicho kiti kitaota mizizi.

Hakuwa hivyo zamani. Kwa miaka kumi na tano Nyamai aliuza maji. Alichimba mchanga wa mto, akangoja maji yapande, akajaza mitungi minne. Aliifunga kwenye baiskeli yake nyeusi ya mizigo, miwili kila upande, akaileta sokoni. Alikuwa mwembamba, mwenye nguvu, na mdomo mwingi. Kisha bomba likafika sokoni. Watu wakaacha kununua maji ya mtungi. Nyamai akafungua duka, na kuku wakaanza kulala juu ya baiskeli yake nyuma ya nyumba.

Mwezi wa kumi, kichwa kilimuuma siku tatu mfululizo. Muthoki alimpeleka zahanati. Muuguzi alimfunga kile kitambaa cha mkononi, akapima. Akapima tena.

"Presha yako iko juu sana," muuguzi alisema. "Dawa nitakupa, na utameza kila siku bila kuruka. Lakini dawa peke yake haitoshi. Mwili unataka kazi. Unafanya mazoezi gani?"

"Mimi? Nafungua duka," Nyamai alijibu.

Muuguzi hakucheka. Muthoki pia hakucheka. Baba yake Muthoki alikuwa na presha. Alianguka shambani akipalilia ndengu, na hakuamka tena. Mama yake, Kaveke, ni mjane mpaka leo. Muthoki aliyakumbuka hayo yote pale kwenye benchi la zahanati, akalia.

"Baba Mumo, mimi sitaki kukuzika," alimwambia njiani.

"Kwani nani amekufa?" Nyamai alisema. Lakini aliyaona machozi yake. "Sawa. Wacha kulia. Nitaendesha baiskeli."

Alinunua baiskeli ya mitumba yenye gia. Siku ya kwanza aliendesha. Siku ya pili aliendesha. Siku ya tatu kulikuwa na mawingu, akasema mvua itanyesha. Siku ya nne kulikuwa na jua, akasema ni kali. Peke yako ni rahisi kujidanganya.

Hapa Ikutha tuna kikundi cha baiskeli. Tuko wanane, wanawake na wanaume. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunakutana mbele ya kibanda cha Rashid. Ukichelewa, tunakuja kugonga dirisha lako mpaka utoke. Rashid ni fundi wa baiskeli na ndiye kiongozi wetu. Familia yake ilitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Tunamtania kwamba anaongea kama redio.

Mimi nilimwambia Muthoki, "Mlete kwetu. Sisi hatujui mambo ya mawingu."

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, Nyamai alikuja. Alikuwa ameisugua baiskeli, kama ni ya harusi. Ilikuwa inang'aa.

"Karibu sana, ndugu yangu," Rashid alimwambia. "Umewahi kuendesha ukiwa na kikundi?"

"Rashid, wacha mchezo. Nimebeba maji miaka kumi na tano. Utanifundisha baiskeli mimi?"

"Maji ulibeba peke yako. Hapa kuna mtu mbele yako na mtu nyuma yako. Kuna mambo mawili matatu ya kujua kwanza..."

"Twende bwana! Jua linatoka!"

Watu walicheka. Rashid naye alicheka, akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na mimi ni mwalimu. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Tulitoka tukiwa tisa, mmoja nyuma ya mwingine, tukishika barabara ya lami ya kwenda Kibwezi. Rashid alikuwa mbele. Nyamai alikuwa wa tatu. Nyuma yake alikuwa Kalekye, fundi wa nguo. Mimi nilikuwa wa mwisho. Huwa nafunga kitambaa chekundu nyuma ya kiti changu ili magari yatuone, na kazi yangu ni kuangalia kama wote wako salama.

Nyamai alikuwa na nguvu, sikatai. Lakini aliendesha kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mara anakimbia mpaka gurudumu lake linakaribia kugusa la mtu wa mbele. Mara anaacha kukanyaga, anatazama mashamba. Mara anaenda kushoto, mara katikati. Kalekye, nyuma yake, alikuwa anahangaika na breki.

Kisha tukafika kwenye mteremko wa kanisani. Hapo baiskeli zinakimbia zenyewe. Na hapo, kando ya barabara, akija upande wetu na kiondo chake mgongoni, alikuwa Kaveke. Mama mkwe.

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu msomaji mwingine si wa kwetu. Ukambani, mwanaume na mama mkwe wake wana heshima kubwa kati yao. Tunaiita nthoni. Hawaongei ovyo. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanaume anatoka njiani. Kama yuko juu ya baiskeli, anashuka. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Nyamai hajalegeza hata kidogo. Kumpita mama mkwe ukiwa umekaa juu ya kiti, wewe juu na yeye chini? Afadhali afe.

Basi Nyamai alipomwona, hakufikiri. Alikamata breki zote mbili kwa nguvu. Akaruka chini. Akavuta baiskeli kuelekea mtaroni, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Kalekye hakuwa na pa kwenda. Aligonga gurudumu la nyuma la Nyamai, akaruka juu, akaanguka kwenye lami kwa mkono wake wa kulia. Aliyemfuata akamwangukia. Mwingine akaenda kwenye miiba. Mimi nilikwepa wote watatu nikaishia kwenye mchanga, nikaula kidogo.

"Mkono wangu! Uuwi, mkono wangu!" Kalekye alilia.

Tuliinuka, tukamtoa Kalekye barabarani haraka kabla gari halijatokea. Nilimtafuta Nyamai. Alikuwa bado mtaroni, kofia mkononi. Upande wa pili wa barabara nikaona kiondo kinachungulia nyuma ya kichaka. Kaveke naye alikuwa amejificha kwa ajili ya heshima ile ile. Wakwe wawili, mmoja huku, mmoja kule, kila mmoja ameinamisha kichwa, na katikati watu wanalia. Siku nyingine ningecheka.

Mkono wa Kalekye ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Hospitalini waliufunga plasta, wakasema wiki sita. Ilikuwa Desemba, na Desemba ndiyo mwezi wa Kalekye. Sare za shule anazishona yeye. Cherehani ilikaa imefunikwa. Vitambaa vya rangi ya damu ya mzee na vya kijani vilijaa kwenye meza, na wazazi walikuja kuchungulia mlangoni wakiguna.

Muthoki alienda kila siku kumsaidia kushona vifungo. Nyamai alienda mara moja, akasimama mlangoni.

"Kalekye, nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe," Kalekye alisema. "Sina kinyongo. Jumapili nimekuombea. Lakini nyuma yako sirudi tena, Nyamai. Hata kwa miguu."

Nyamai alienda nyumbani. Alipeleka baiskeli yenye gia nyuma ya nyumba, pale kwa kuku. Januari alikuwa kwenye kiti chake tena. Kichwa kilipomuuma tena, Muthoki alimpeleka zahanati. Presha ilikuwa imepanda kuliko mara ya kwanza. Muuguzi aliandika kwenye kadi, akaipigia mstari chini mara mbili.

Jioni hiyo Muthoki alikuja darasani kwangu. Alinionyesha ile kadi tu. Nilifunga darasa, nikamchukua Rashid, tukaenda dukani kwa Nyamai.

"Kama mmekuja kwa ajili ya baiskeli, ichukueni," Nyamai alisema kabla hatujaketi. "Uzeni."

"Nimekuja kuomba radhi," Rashid alisema.

Nyamai alimtazama. "Wewe? Wewe ulifanya nini?"

"Sikufanya. Ndiyo shida. Mtu mgeni hapaswi kuingia kwenye mstari kabla ya kufundishwa. Nilikuona una miguu yenye nguvu, watu wakacheka, nikacheka. Kosa la kwanza lilikuwa langu."

"La pili langu," nilisema mimi. "Nilikuona unavyoyumba, nikanyamaza."

Nyamai aliinamisha kichwa. Alizungusha kofia mkononi.

"Mnaongea vizuri," alisema. "Lakini Rashid, wewe hutaelewa. Yule ni mama mkwe. Anapita barabara ile kila wiki. Nimpite nikiwa juu, nimemwonyesha mgongo na makalio, kama mtu asiye na kwao? Siwezi. Na nikishuka, naua mtu. Kwa hivyo nimeacha. Basi."

"Hilo la mama mkwe tutalifikia," Rashid alisema polepole. "Tuanze na hili lingine. Kesho jioni njoo uwanja wa shule. Usije na ile ya gia. Njoo na ile nyeusi ya zamani."

"Ya maji?"

"Ya maji. Na mitungi yake miwili, imejaa mpaka juu. Usilete vifuniko."

Kesho yake tulimngoja uwanjani. Alikuja, nusu amekasirika, nusu anataka kujua. Kuku walikuwa wameacha alama zao kwenye kiti.

"Endesha mpaka kwa goli," Rashid alimwambia. "Ukifika, simama. Usimwage."

Nyamai alicheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Alipanda. Na hapo, wacha niseme ukweli, niliona mtu mwingine kabisa. Aliondoka taratibu. Alienda mstari mmoja, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwendo ulikuwa ule ule, hauongezeki, haupungui. Alitazama mbele kabisa, akaona shimo mapema, akaanza kulizunguka mapema. Karibu na goli aliacha kukanyaga, akagusa breki kidogo, akagusa tena, akasimama. Maji yalitikisika, hayakumwagika.

"Kwa nini hukushika breki zote mara moja?" Rashid aliuliza.

"Maji yangeniruka mgongoni, bwana! Hata mtoto anajua. Unaanza kupunguza mbali."

"Na kwa nini huku na huku hukuyumba?"

"Ukiyumba na mitungi, inakuvuta, unaanguka."

"Basi unajua kuendesha kwenye kikundi kuliko mimi," Rashid alisema. "Ulisahau tu kitu kimoja. Ulipoishusha mitungi ulidhani huna mzigo tena. Nyamai, mtu aliye nyuma yako ndiye maji yako."

Nyamai alishuka. Aliitazama ile mitungi.

"Kalekye," alisema.

"Kalekye. Ukikamata breki, umemmwaga."

Kuanzia siku hiyo walifanya mazoezi kila jioni, na mimi nilijiunga nao nikitoka darasani. Kwanza Nyamai peke yake na maji. Kisha Nyamai mbele na Rashid nyuma. Kisha Nyamai nyuma yangu. Rashid alimwambia aache nafasi ya baiskeli moja nzima kati yetu, na zaidi kwenye mteremko. Alimwambia asitazame gurudumu langu, atazame juu ya bega langu, barabara ya mbele.

"Na usiache gurudumu lako la mbele lipite gurudumu lake la nyuma, hata kidogo," Rashid alisema. "Mwalimu akisogea pembeni kidogo tu, magurudumu yanagusana. Anayeanguka ni wewe."

"Na nikitaka kusimama kweli?" Nyamai aliuliza. "Mnyororo umetoka? Nimeona kitu?"

"Unasema. Una mdomo, na hapa Ikutha nzima tunaujua. Unasema kwa sauti, 'Nasimama!' Unainua mkono juu. Aliye nyuma anarudia, na wa nyuma yake anarudia, mpaka kwa Mwalimu. Ndipo unapunguza, unatoka nje ya lami kabisa, ndipo unashuka. Shimo, unalionyesha kwa kidole chini. Kupunguza mwendo, unashusha mkono, kiganja chini, hivi. Gari likija nyuma, Mwalimu anapiga kelele, 'Gari!' na sisi tunalipeleka neno mbele."

"Hizi ni kama kelele za kanisani," Nyamai alisema.

"Kelele hizo ndizo zinazotufikisha nyumbani. Na simu ikae mfukoni. Masikio yasiwe na nyimbo. Ukichoka, sema umechoka. Hakuna atakayekucheka."

"Kaluki atacheka," alisema Nyamai.

"Nitacheka," nilisema. "Lakini nitapunguza."

Ijumaa jioni Rashid alimfundisha kukagua baiskeli. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba. Kujaribu breki ya mbele, kisha ya nyuma. Kutazama mnyororo kama umekauka. Kufunga tyubu moja ya akiba chini ya kiti, na kubeba chupa ya maji. Nyamai alisema amebeba maji maisha yake yote lakini hajawahi kuyanywa njiani, na akaanza.

Lakini kila tulipotaja Jumamosi na barabara, uso wake ulikunjamana.

"Bado kuna mama mkwe," alisema.

Rashid aliinua mikono. "Hilo mimi siwezi. Mimi si wa nthoni. Muulize mwenyewe."

Muulize mwenyewe! Nyamai angeuliza vipi, na haongei naye? Kwetu jambo kama hilo linapita kwa binti. Kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa, Muthoki alienda kwa mama yake, na mimi nikamsindikiza.

Kaveke alikuwa ameketi kwenye mkeka, anachagua mbaazi kwenye ungo. Muthoki alimweleza yote. Presha. Kadi. Kiti cha dukani. Kikundi. Na kwamba mumewe ameacha kwa sababu hawezi kumpita.

Kaveke aliendelea kuchagua mbaazi. Nilidhani hakusikia.

"Yule msichana wa cherehani," alisema mwishowe. "Mkono wake umepona?"

"Plasta imetoka, mwaitu," Muthoki alimjibu mama yake. "Anashona tena."

"Silali nikimkumbuka. Tulimvunja sisi wawili. Mkwe wangu kwa kushuka, na mimi kwa kukimbilia kichaka badala ya kumwinua mtoto wa watu." Aliweka ungo chini. "Wakati wetu barabara ilikuwa ya mchanga. Mtu anashuka, mwenzake anacheka, basi. Sasa wameweka hii lami inayoteleza kama sabuni."

"Kwa hivyo tufanyeje?"

Kaveke alifuta macho kwa ncha ya leso. "Baba yako alikuwa na presha. Mimi nilimwambia apumzike. Kila siku, keti hapa baba Muthoki, keti, pumzika. Nilidhani namhurumia, mpaka siku aliyoshika jembe akaanguka. Nimezika mtu mmoja wa presha, Muthoki. Sitaki na wewe uzike wako, halafu watu waseme ni kwa ajili ya kuniheshimu mimi. Mwambie anipite."

Muthoki aliinama, akafunika uso kwa mikono.

"Lakini mwambie hivi," Kaveke aliendelea, na sauti ikawa kali kidogo. "Asinisalimie akiwa huko juu. Asinipigie kengele, mimi si ng'ombe. Ashike usukani kwa mikono miwili, atazame mbele, anyamaze. Mimi nitasimama kando na kugeukia upande wangu. Wakishafika mahali pa kupumzika, wametoka barabarani, wote wameshuka, hapo aje anisalimie kama mtu aliyelelewa. Hiyo ndiyo heshima yangu. Mwambie neno kwa neno, usipunguze."

Muthoki hakupunguza. Alimwambia neno kwa neno. Nyamai alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, kana kwamba mama mkwe mwenyewe yuko mle ndani. Kisha alienda nyuma ya nyumba kufukuza kuku.

Februari yote tuliendesha naye barabara fupi za sokoni na za shuleni. Mwanzo wa Machi alirudi zahanati. Muuguzi alipima, akapima tena kwa kutoamini. Presha ilikuwa imeshuka. Haijafika chini kabisa, alisema, na dawa asiache. Lakini imeshuka. Muthoki aliikunja ile kadi akaiweka ndani ya Biblia.

Kisha ikaja safari kubwa. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Machi, tunavuka Mto Athi mpaka Kibwezi, upande wa Makueni. Asubuhi hiyo tulikuwa tisa tena mbele ya kibanda cha Rashid. Kalekye alikuwepo. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Desemba. Alikuwa anafungua na kufunga mkono wake wa kulia.

"Kalekye, unataka kukaa wapi?" Rashid aliuliza.

Kalekye hakumtazama Nyamai. "Mbele. Nyuma yako. Popote, isipokuwa..." Hakumaliza.

Hakukuwa na haja. Nyamai alijifanya anakagua tairi. Rashid alimweka Kalekye wa pili na Nyamai wa sita. Mgeni, Rashid alisema, anakaa katikati, sio mbele na sio mwisho.

Kabla ya kuondoka, Rashid alirudia ishara zote, hata kwa sisi wa zamani. Siku hizi hamruki mtu yeyote. Tukaomba, tukaondoka.

Asubuhi ilikuwa baridi na tulivu. Baiskeli zilikuwa zinavuma chini kwa chini. Kila mara niliangalia mgongo wa Nyamai. Mstari ulikuwa umenyooka. Neno lilikuja kutoka mbele, "Shimo!" na alilirudisha nyuma kwa sauti ya mnada, kidole chini. Lori moja lilikuja, nikaita, "Gari!" nikasikia sauti yake inalipeleka neno mbele.

Tukafika kwenye mteremko wa kanisani.

Alikuwepo. Kaveke, na leso yake ya kijani, amesimama kando. Nadhani alikuja makusudi. Na siku hiyo hakuwa peke yake, alikuwa na mbuzi saba. Rashid alipita. Kalekye alipita, na nikaona kichwa chake kinageuka kutazama nyuma. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kisha mbuzi mmoja, mweupe, mjinga, akaamua kuvuka.

"Mbuzi!" Nyamai aliita. "Punguza! Punguza!" Mkono wake ulishuka, kiganja chini. Kisha mikono yote miwili ikarudi kwenye usukani. Aligusa breki kidogo. Akagusa tena. Sisi watatu wa nyuma tukapunguza pamoja naye, polepole, kama watu wanaoketi kanisani. Mbuzi alivuka. Aliyemfuata Nyamai alikuwa na nafasi. Mimi nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyeyumba.

Na Nyamai, macho mbele, mdomo umefungwa, shingo imekauka, akampita mama mkwe wake.

Kaveke alikuwa amegeukia upande wa mashamba, kama alivyosema. Lakini nilipopita mimi, wa mwisho, niliona mabega yake yanatetemeka. Sijui alikuwa analia au anacheka. Sikushuka kuuliza.

Chini ya mteremko kuna uwanja wa kanisa. Rashid aliinua mkono, akaita, "Tunasimama!" Neno likarudi nyuma mpaka kwangu. Tulitoka kwenye lami wote, ndipo tukashuka. Nyamai alilaza baiskeli kwenye nyasi, akavua helmeti, akaupanda mteremko kwa miguu. Kaveke alikuwa anashuka na mbuzi wake. Nyamai alisimama mbali kidogo, kando ya njia, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa Kikamba kwa sauti ya chini.

Kaveke alitazama pembeni, kama inavyotakiwa, akajibu salamu. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu:

"Leo umenipita vizuri."

Nyamai alirudi akipangusa uso, akisema ni jasho. Kulikuwa na baridi, lakini hatukubishana naye. Tulikunywa maji. Rashid alitupanga upya kwa sehemu iliyobaki mpaka mtoni.

Nyamai alipanda baiskeli yake, mguu mmoja chini, akingoja. Nilisikia mlio wa magurudumu kwenye changarawe. Kalekye alikuwa ametoka mbele. Alisukuma baiskeli yake akatupita wote, mpaka nyuma ya Nyamai. Aliacha nafasi ya baiskeli moja nzima. Akaweka mkono wake wa kulia kwenye breki.

Nyamai aligeuka, akamwona.

"Unatazama nini?" Kalekye alisema. "Tazama mbele. Nenda. Na usinimwage."